Korongo Linarudi, Lakini Eliot Porter Hajashinda

Kila maji ya Ziwa Powell yanaposhuka, picha za zamani huibuka pamoja na mawe. Ziwa hilo, ambalo ni bwawa lililojengwa kwenye Mto Colorado mpakani mwa majimbo ya Utah na Arizona nchini Marekani, lilifikia mwaka 2023 kiwango cha chini kabisa tangu lilipojazwa: takriban futi 180, yaani kama mita 55, chini ya alama ya kujaa. Tangu hapo limepanda kidogo, likashuka tena. Kuta zilizozama katika miaka ya 1960 zimetoka juani, vijito vimerudi kwenye njia zake za kale, na wanaotembelea huko hurudi na picha ambazo huziweka sambamba na zile alizopiga Eliot Porter kabla maji hayajaingia. Maneno yanayoandikwa chini yake hayabadiliki sana: mpiga picha alikuwa sahihi, wahandisi walikosea, na sasa maumbile yamelipa kisasi. Hadithi ni tamu, na ndiyo sababu imeenea. Mimi naiona imepinda.

Kupungua kwa maji hakumpi Porter ushindi wowote. Kunachofanya ni kutulazimisha kuzisoma upya picha zake, na tukizisoma vizuri tunakuta mambo mawili yaliyokaa pamoja bila kugombana. Picha hizo ziliwafundisha Wamarekani kulipenda jangwa ambalo baba zao waliliita jalala la mawe. Na ziliwafundisha kuliona jangwa hilo kuwa tupu. Somo la kwanza tunalisherehekea kila mwaka. La pili halitajwi, ingawa ndilo lenye uzito zaidi leo, wakati majimbo saba yanavutana kuhusu nani anywe maji ya Colorado na nani aambiwe asubiri.

Porter hakuanza maisha kama msanii. Alizaliwa mwaka 1901 katika familia yenye uwezo huko Winnetka, Illinois, akasoma uhandisi wa kemia na kisha udaktari Harvard, akabaki hapohapo chuoni akifanya utafiti na kufundisha biokemia. Kamera ilikuwa burudani hadi Alfred Stieglitz, aliyekuwa mwamuzi mkubwa wa sanaa ya picha New York, alipomfanyia maonyesho mwishoni mwa mwaka 1938. Porter akaacha maabara. Kuingia kwake kwenye rangi hakukuwa na mapenzi makubwa ndani yake: alikuwa na picha nyeusi na nyeupe za ndege, na mchapishaji akamweleza kwamba kwa picha za namna hiyo msomaji hawezi kutofautisha ndege huyu na yule. Basi rangi aliifuata kama mwanasayansi anayefuata chombo cha kupimia. Wakati huo wakubwa wa fani, Ansel Adams akiwamo, waliamini kwamba picha ya sanaa ni nyeusi na nyeupe, na rangi ni mambo ya matangazo na kalenda. Porter aliendelea na yake. Mwaka 1946 alihamia Tesuque, kijiji cha nje kidogo ya Santa Fe, New Mexico, na akaishi eneo hilo mpaka alipofariki mwaka 1990.

Glen Canyon, korongo ambalo baadaye lilizamishwa na Ziwa Powell, aliifikia kwa mara ya kwanza mwaka 1960, akishuka mto kwa boti, kisha akarudi tena na tena mpaka mwaka ambao malango ya bwawa yalifungwa. Inafaa tukae kidogo kwenye kile alichokuwa akikitazama, maana mabishano yote yanayofuata yanaanzia hapo. Katika korongo jembamba jua halifiki chini ila kwa muda mfupi. Linapiga ukuta mmoja huko juu, mwanga unadundia ukuta wa pili ukiwa umegeuka kama kaa la moto, na papo hapo jiwe lililolowa huku chini linaakisi anga na kuwa buluu. Jiwe ni lile lile la mchanga, lakini kwenye fremu moja lina rangi tatu. Juu yake kuna michirizi myeusi ya manganizi na chuma, iliyochorwa na maji ya mvua kwa miaka isiyohesabika. Porter aliweka kamera yake kubwa ya filamu za inchi 4 kwa 5 kwenye stendi, akainamisha macho, na mara nyingi akaiacha anga nje kabisa. Hakutafuta mandhari pana za kupiga kelele. Alitaka ukuta, dimbwi, jani lililoanguka, na ufa ambao kangaga imeota ndani yake.

Kisha ilikuja kazi ya chumba cha giza, na hapa hadithi ya kwamba Porter alinakili tu kilichokuwepo huanza kuyumba. Kutokana na filamu moja ya rangi alitengeneza nakala tatu kupitia vichujio vitatu, na kutoka hizo akapata mabamba matatu laini ya jelatini. Bamba moja lililoweshwa wino wa samawati, la pili waridi iliyokolea, la tatu njano, kisha yakagandamizwa moja baada ya jingine juu ya karatasi ileile. Likiteleza moja kwa upana wa unywele, kazi yote imeharibika. Anayefanya hivyo ana uhuru wa kuongeza wekundu hapa na kupoza buluu pale, na Porter aliutumia uhuru huo. Wapo waliosema rangi zake zimekolezwa mno. Wapo waliomtetea kwamba ziko vile kweli, nenda ukaone. Nimekaa na chapa za picha hizo jioni nzima nikitafuta upande wa kuegemea, na sikuupata. Nilichoona ni mtu anayechagua. Alichagua rangi, alichagua pembe, alichagua pia nini kisiingie. Hilo la mwisho tutalirudia.

Kitabu chake cha Glen Canyon kilitoka mwaka 1963, kikichapishwa na Sierra Club, chama cha wahifadhi, chini ya uhariri wa kiongozi wake David Brower. Jina lake kwa Kiswahili ni "Mahali Ambapo Hakuna Aliyepajua". Hapa ndipo inaposimama hoja iliyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ile inayosema kwamba Porter alishindwa kwa kuwa picha hazikuliokoa korongo, na kwamba sasa kushindwa huko kumefutwa na ukame. Tarehe zinaikataa. Bunge lilipitisha sheria ya mabwawa ya sehemu ya juu ya Colorado mwaka 1956. Wahifadhi walikuwa wamepambana na bwawa jingine lililopangwa Echo Park, ndani ya hifadhi ya Dinosaur, wakashinda. Katika maelewano hayo hawakuipigania Glen Canyon, mahali ambapo wengi wao, Brower mwenyewe akiwa mmoja wao, hawakuwa wamepakanyaga. Njia ya mwisho ya mto ilizibwa Machi 1963, na kitabu kikatoka maji yakiwa tayari yanapanda. Hakuna aliyekusudia kiliokoe korongo hilo. Kilikuwa tanzia, na katika utangulizi Brower alikiri kwamba naye ana sehemu ya lawama. Tanzia haipimwi kwa kuuliza kama marehemu alifufuka.

Kilichokusudiwa kilikuwa mbele zaidi. Serikali ilikuwa na mipango ya mabwawa mengine mawili, Marble Canyon na Bridge Canyon, ambayo yangegusa Grand Canyon yenyewe. Nakala za kitabu zilifikishwa kwa wanasiasa wa Washington, matangazo yakalipiwa magazetini, barua za wananchi zikamiminika, na sheria ya mwaka 1968 ya bonde la Colorado ikapita bila mabwawa hayo mawili. Kusema picha za Porter peke yake zilifanya hivyo ni kutia chumvi; palikuwa na wanasheria, wanahesabu waliochambua takwimu za wahandisi, na wabunge wa majimbo mengine wenye sababu zao. Lakini kusema hazikuchangia kitu ni ukaidi. Zilimpa mtu wa Boston au Chicago, ambaye hangekanyaga Utah maishani, kitu cha kuonea uchungu. Ndiyo maana watetezi wa Porter huishia hapo, mwaka 1968, kwa furaha.

Tusiishie hapo. Mabwawa ya Grand Canyon yalikuwa na kazi: kutoa umeme wa kusukuma maji ya Colorado kuvuka jangwa, zaidi ya kilomita 500, kuyapeleka Phoenix na Tucson. Yalipoondolewa, haja ya umeme haikuondoka. Lilijengwa jumba la kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe karibu na mji wa Page, kilomita chache kutoka ukuta wa bwawa la Glen Canyon, ndani ya ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani, lenye uwezo wa megawati 2,250. Makaa yalichimbwa Black Mesa, kwenye ardhi ya Wanavajo na majirani zao Wahopi, na maji ya kupoza mitambo yakavutwa kutoka Ziwa Powell. Lilianza kazi mwaka 1974 na kufungwa Novemba 2019. Wahifadhi wa miaka ile walikuwa wamesema waziwazi kwamba makaa au nyuklia ni afadhali kuliko kuziba Grand Canyon. Siwalaumu kwa kutojua habari za hewa ukaa ambazo wachache walizijua wakati huo. Nasema tu kwamba korongo moja lilipookolewa kwa uzuri wake, bili ilitumwa kwa jirani, na jirani huyo hakuwa ndani ya fremu.

Sasa turudi kwenye jina la kitabu. Hakuna aliyepajua? Wapaiute, wenyeji wengine wa eneo hilo, na Wanavajo walipajua. Rainbow Bridge, daraja la asili la mwamba lililo kwenye moja ya matawi ya korongo hilo, ni mahali patakatifu kwa Wanavajo. Sheria ileile ya 1956 iliahidi kwamba eneo lake litalindwa dhidi ya maji ya bwawa, na maji yakafika chini yake hata hivyo. Wazee wa Navajo walikwenda mahakamani, na mwaka 1980 mahakama ya rufaa ikawakatalia. Kabla ya mafuriko, wanaakiolojia walitumwa kuokoa walichoweza katika miaka michache, wakaorodhesha zaidi ya maeneo 2,000 yenye alama za makazi ya watu wa kale: ghala za nafaka, michoro ya ukutani, ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Wamormoni, walowezi wa dhehebu lililohamia Utah, walishusha magari yao ya kukokotwa kwenye ufa wa korongo hilohilo majira ya baridi ya 1879 kuamkia 1880. John Wesley Powell, ambaye ziwa limepewa jina lake, alipita mwaka 1869. Kwa mahali ambapo hakuna aliyepajua, pana msongamano.

Mtetezi atanijibu kwamba jina halikukusudiwa kuchukuliwa neno kwa neno. Lilikuwa na maana ya umma wa Marekani, wapiga kura, wasomaji wa vitabu ghali vya mezani. Nakubali, na nakubali pia kwamba Porter hakuwa mtu wa dharau. Lakini tazama jinsi jina na picha vinavyosaidiana. Unafungua kurasa, humwoni mtu, huoni nyayo, huoni kitu cha kukupa kipimo cha ukubwa. Ukuta unaweza kuwa wa mita tatu au mia. Huo ndio uchawi wake, na kama sanaa siupingi hata chembe. Tatizo linaanza pale sanaa inapopelekwa kuwa shahidi bungeni. Shahidi huyo anasema: hapa ni pasafi kwa sababu hapana mtu. Wahandisi nao, upande wa pili wa meza, walikuwa wakisema: hapa panafaa kuzamishwa kwa sababu hapana mtu. Waligombana kwa miaka kumi bila kugundua kwamba sentensi yao ya kwanza ni moja. Jicho hilohilo, nikiweka mabano, Porter alikuja nalo Afrika Mashariki kupiga picha za nyika na wanyama kwa ajili ya kitabu kilichotoka mwaka 1972. Wahifadhi wa bara zima wamekuwa na maswali yanayofanana na haya.

Utupu huo si suala la urembo. Mkataba wa Mto Colorado uligawa maji mwaka 1922 baina ya majimbo saba. Wajumbe walijadiliana katika hoteli moja ya Santa Fe, kwenye barabara iendayo Tesuque, kijiji kilekile ambacho Porter angehamia baadaye. Hakuna kabila la wenyeji lililokuwa na mjumbe mezani, ingawa leo yanatambuliwa makabila 30 katika bonde la mto huo. Wajumbe walipima mto wakitegemea miaka ya mvua nyingi. Ukijumlisha migao yao na ile ya Meksiko iliyoongezwa mwaka 1944, unapata takriban kilomita za ujazo 20 kwa mwaka. Tangu mwaka 2000 mto umekuwa ukitoa wastani wa kama 15. Juni 2023, miezi michache tu baada ya ziwa kugonga kiwango chake cha chini, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mkataba wa 1868 kati ya serikali na Wanavajo hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia Wanavajo maji. Kwenye ardhi yao takriban kaya moja kati ya tatu haina bomba ndani ya nyumba.

Ukiyaweka haya mezani, hadithi ya kisasi cha maumbile inapoteza ladha. Ziwa halikushuka kwa sababu mtu fulani aliona haki. Lilishuka kwa sababu kipindi cha 2000 hadi 2021 kilikuwa kikavu kuliko kingine chochote cha miaka 22 kusini-magharibi mwa Amerika Kaskazini kwa angalau miaka 1,200, sehemu kubwa ya ukavu huo ikitokana na joto tunalolisababisha wenyewe, na kwa sababu watumiaji waliendelea kuchota kana kwamba mto ni ule wa 1922. Na wala kinachorudi sicho alichopiga picha Porter. Kuta zina mkanda mweupe wa chumvi za madini, kama alama ndani ya beseni ambalo halijasuguliwa. Chini kuna tope lililotuama kwa miongo sita. Hadi 2018 lilikuwa limemeza karibu asilimia 7 ya ujazo wa ziwa. Lipo la kustaajabisha pia, na sitaki kulificha kwa kuwa halinisaidii: kwenye baadhi ya matawi ya Escalante, mto unaoingia Ziwa Powell, mafuriko ya ghafla yamesomba tope haraka kuliko ilivyotarajiwa, na mierebi na mipopla imeota upya. Pango kubwa linaloitwa Kanisa Kuu la Jangwani lilianza kuonekana tena mwaka 2005. Mambo hayo yanafurahisha. Lakini maji yaliyoondoka hapo ni maji ambayo mtu fulani huko chini hakuyapata.

Watetezi wa bwawa wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Mto huu unahudumia watu kama milioni 40. Mtiririko wake hubadilika sana mwaka hadi mwaka, na majimbo ya juu yana wajibu wa kuacha kiasi fulani kipite kwenda chini kila miaka kumi. Ghala la maji ndilo linalowawezesha kutimiza hilo bila kuwafungia wakulima wao mifereji. Anayesema bwawa libomolewe kesho aeleze kwanza miaka mibovu itavukwaje. Ila hoja hiyo nayo ina ufa wake: ghala lina maana ikiwa kuna cha kuweka, na mabwawa mawili makubwa, Powell na Mead lililo chini zaidi kwenye mto huohuo, yanayokaa nusu tupu kwa miongo miwili yanaanza kufanana na kabati mbili za mtu mwenye nguo za kabati moja. Isitoshe, maji yakishuka chini ya futi 3,490 kutoka usawa wa bahari, mitambo ya umeme haizunguki, na yanayobaki hupitishwa kwenye mabomba machache ambayo hayakujengwa kwa kazi ya kudumu. Swali la kuunganisha maghala hayo si la wahifadhi wenye machozi tu. Ni la mahesabu.

Kanuni za uendeshaji zilizowekwa mwaka 2007 zinafikia kikomo mwaka 2026, na kila upande unatafuta picha ya kushikilia. Takriban robo tatu ya maji ya mto yanayotumiwa moja kwa moja na binadamu huishia mashambani, sehemu kubwa kwenye majani ya kulishia ng'ombe, lakini shamba la majani halina mpiga picha mashuhuri. Korongo lenye rangi ya kaa linaye. Nahofia mazungumzo haya yakageuzwa tena kuwa mashindano kati ya ukuta wa zege na ukuta mwekundu, mkulima na Mnavajo wakiwa nje ya fremu kama mwaka 1963. Makabila sasa yana wanasheria, yana haki za maji zilizothibitishwa mahakamani kwa sehemu, na yanadai kiti kwenye meza ya majadiliano badala ya kuarifiwa matokeo. Mhifadhi anayemheshimu Porter angekuwa na kazi ya maana akilisimamia dai hilo, hata pale ambapo Mnavajo anataka maji yale yale ambayo mhifadhi angependa yaendelee kutiririka kwenye korongo.

Mkusanyiko wa Porter, aliouachia jumba la makumbusho la Amon Carter huko Fort Worth, Texas, uko salama, na sina shaka chapa zake zitaendelea kuwavuta watu kusimama mbele ya jiwe lililolowa. Kamera inayohitajika sasa ingesimama kilomita chache kutoka ufukwe wa ziwa, kwenye barabara ya vumbi ambapo pikapu hupita jioni na matangi ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba nyuma, maji yakipiga mawimbi ndani kila tairi inapoingia shimoni, dereva akipunguza mwendo ili yasimwagike kabla hajafika nyumbani.